Dakika Kumi na Moja za Kutafuta Namba

Ofisini walimwita Punguza, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Ukimletea ukurasa wenye picha nne, atakwambia punguza. Ukiweka rangi tatu, punguza. Siku moja fundi wa umeme aliingia kuuliza kama ile taa ya pembeni bado inahitajika, na kabla hajamaliza swali lake ofisi nzima ikamjibu kwa pamoja, "Punguza!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na yeye mwenyewe akacheka kuliko wote. Alikuwa msanifu wa tovuti, tena wa kutajwa, na hata waliomwonea kijicho walikiri hivyo, ingawa walikiri kwa kunong'onezana ngazini.

Haki yake tumpe, kazi aliipenda. Kila asubuhi, chai ikiwa bado ya moto, alitembelea tovuti tatu za watu asiowajua. Mwenyewe aliita kupiga hodi. Alifungua ukurasa, akautazama kwanza bila kugusa kitu, kisha akaupandisha na kuushusha taratibu huku akijiuliza, hapa nimenaswa na nini? Akipata jibu aliupiga picha ukurasa huo, akauweka kwenye faili aliloliita Kabati, na chini yake akaandika mstari mmoja wa somo alilopata. Chini ya tovuti ya fundi saa aliandika: "Kitu kimoja tu katikati, macho hayana pa kwenda." Chini ya ile ya hoteli ya milimani: "Nafasi tupu inampa mgeni pumzi." Chini ya ile ya watengeneza manukato: "Herufi nyembamba, rangi ya majivu. Ukurasa haupigi kelele, na nimeusoma wote." Kwa miaka saba Kabati lilijaa, na hakuna kitu alichokitunza kama hicho.

Hospitali iliyokuwa mtaa wa pili kutoka nyumbani kwa wazazi wake ilipotaka tovuti mpya, Punguza aliipokea kazi hiyo kwa mikono miwili. Ile ya zamani ilikuwa kituko. Matangazo yalikimbia huku na huku, picha za wakurugenzi waliokunja uso zilijipanga, na juu kabisa, kwa herufi nene nyekundu zilizowakawaka, ilikaa namba ya kuitia gari la wagonjwa. "Jamani, hii inaumiza macho," alisema Punguza, akavuta kiti, akafungua Kabati.

Baada ya miezi miwili alitoa kitu kizuri. Mimi simnyimi sifa: kilikuwa kizuri hasa. Ukurasa mweupe, picha moja kubwa ya nesi anayetabasamu akiwa na mkonga wa simu sikioni, na chini yake maneno manne ya rangi ya majivu: Tupo kwa ajili yako. Pembeni juu kulikuwa na vistari vitatu vidogo. Ukivigusa, orodha inafunguka, unachagua Tufikie, unashuka mpaka mwisho, namba unaikuta. Si kwamba hakujaribu kuiweka namba mbele. Aliiweka kulia, akaihamishia kushoto, akaiteremsha chini ya picha. Kila alipoiweka iliharibu sura, basi akaiondoa.

Siku ya kuwaonyesha wenye hospitali, wakurugenzi walipiga makofi. Aliyeuliza swali alikuwa mmoja tu, dada wa mapokezi, aliyekaa nyuma karibu na mlango.

"Samahani, na namba ya simu iko wapi?"

"Ipo, dada," Punguza alimjibu akitabasamu. "Unagusa vistari hivi, orodha inafunguka, unaingia Tufikie, unashuka chini. Hatua tatu tu."

"Haya. Nauliza kwa sababu mimi ndiye ninayepokea hizo simu."

Watu wakacheka kidogo, kikao kikaendelea.

Aliyefurahi kuliko wakurugenzi wote alikuwa baba yake. Mzee huyo alikuwa mpiga chapa, miaka thelathini na mitano kiwandani akipanga herufi za risasi kwa vidole, na sasa alikuwa amestaafu na hana cha kupanga isipokuwa maneno. Alimwomba binti yake amfungulie tovuti hiyo kwenye simu ya nyumbani, ile ya mama, maana ya kwake ilikuwa ya vitufe. Akachukua kioo chake cha kukuzia cha enzi za kiwandani, akakipitisha juu ya skrini mstari kwa mstari. "Safi," alisema. "Safi sana. Hakuna hata herufi moja iliyolala vibaya." Punguza alivimba kichwa. Hakujiuliza kwa nini baba yake, mtu aliyesoma herufi maisha yake yote, alihitaji kioo kusoma maneno manne.

Kuanzia siku hiyo hakuja mgeni asiyeonyeshwa. Fundi bomba alionyeshwa. Mwuza mkaa alionyeshwa akiwa na gunia mgongoni. Na pale jikoni, ubavuni mwa jiko, palikuwa na karatasi ya miaka mingi yenye namba za dharura, imeandikwa kwa mkono wa mama. Mzee aliibandua. "Ya nini makaratasi tena?" alisema. "Mtoto ameshaweka kila kitu mle."

Ilipofika mwezi wa nne, siku ya Jumanne, saa nane mchana, mzee alilalamika kichwa. Mkono wa kushoto ukawa mzito, kikombe kikamponyoka. Mama alitaka kumpigia binti yake. Mzee akamkataza, tena ulimi ulikuwa umeshaanza kuwa mzito: "Usimsumbue mtoto, yuko kazini. Fungua ile kazi yake. Namba imo."

Mama akafungua. Akatafuta, akatafuta. Mwishowe aliitupa simu kochini, akatoka mbio peku mpaka barabarani, akajitupa mbele ya gari dogo la mizigo, dereva akafunga breki na kumtukana kabla hajaelewa. Walimfikisha mzee hospitali, mtaa wa pili tu, lakini jioni ile ile alikata roho. Daktari hakuwa mtu mbaya. Aliulizwa akajibu: mngewahi robo saa, pengine tungekuwa tunazungumza mengine.

Maneno hayo ndiyo yaliyoingia ndani ya mama na kukataa kutoka. Watu walikuja kumpa pole, yeye akawa anawajibu, "Mimi ndiye niliyemuua. Namba ya simu tu. Namba ya simu imenishinda kuiona." Wakimwambia asiseme hivyo, anasema tena. Na shangazi, dada wa marehemu, ambaye mdomo wake hauna breki, alimgeukia mbele ya sebule nzima akamwambia, "Namba tu, wifi? Mtu unaishi na simu mkononi, namba tu?" Mama aliinamisha kichwa. Punguza alimfokea shangazi yake siku hiyo, akamtetea mama yake kwa maneno makali, akajiona mtoto mwema. Masikini ya Mungu, hakujua alikuwa anamtetea nani dhidi ya nani.

Alijua wiki ya tano baada ya mazishi. Hospitali iliomba taarifa ya wageni wa tovuti, kazi ya kawaida kabisa. Kuna programu inayoweka kumbukumbu ya kila anayeingia: saa ngapi, kwa simu ya aina gani, kidole kimegusa wapi, ameondoka baada ya muda gani. Punguza alikuwa anapitia tarehe moja baada ya nyingine akinywa chai. Alipofika Jumanne ile alitaka kuiruka. Mkono ukakataa.

Saa nane na dakika kumi na mbili mchana, mgeni mmoja. Simu ya aina ile aliyomnunulia mama yake, toleo ambalo dukani halipo tena. Maandishi yamekuzwa hadi mwisho, kama alivyomwekea yeye mwenyewe. Akabonyeza ili aone mgeni huyo alipita wapi, na kile kidoti kinachosimama mahali pa kidole kikaanza kutembea mbele yake.

Kidoti kilishuka mpaka chini ya ukurasa. Kikapanda. Kikashuka tena. Kiligusa maneno ya majivu, kikafika ukurasa wa Hadithi Yetu, kikashuka mpaka mwisho wa hadithi yote, kikarudi. Kisha kikaenda kwenye picha ya nesi, kwenye ule mkonga wa simu alioshika sikioni, kikagusa. Kikangoja. Kikagusa tena. Mara tisa mama yake aligusa simu ile ya picha akidhani ndiyo ya kupigia. Vile vistari vitatu hakuvigusa hata mara moja. Dakika kumi na moja, halafu kidoti kikapotea.

Punguza aliifunga kompyuta. Wenzake walimwona anainuka na kwenda kujifungia chooni, wakasema kilio cha baba bado kinamsumbua. Hakumwambia mtu.

Asubuhi zilizofuata hakuweza kupiga hodi popote. Alifungua Kabati akaona aibu ya kila mstari alioandika. Tovuti zile hazikuwa na kosa, hilo alilijua. Anayetafuta saa ya thamani ana muda, anayetafuta hoteli ya milimani ana muda, na ukurasa unamsubiri astarehe. Walizitengeneza wakijua nani anakuja. Yeye miaka saba alikuwa ameokota umbo na kuacha sababu, akaenda kumvalisha mtu anayekata roho nguo ya harusi.

Wiki moja baadaye, bomba lilipopasuka ofisini, mtu alifungua tovuti ya idara ya maji. Punguza aliijua. Aliwahi kuicheka mbele ya vijana wa mafunzo, jinsi ilivyo mbaya. Safari hii aliitazama. Juu kabisa: "Bomba limepasuka? Piga namba hii." Namba nene, unaigusa inapiga. Chini yake: "Ukisubiri, funga koki iliyo karibu na mita." Na mchoro wa koki, na mshale. Maji yalikuwa yanatiririka sakafuni, watu wanapiga kelele, na aliyeshika simu aliipata namba bila hata kukaza macho. Kuna mtu mahali fulani alikaa akamfikiria mwenye nyumba aliyelowa miguu. Punguza aliuona uzuri huo akiwa amesimama kwenye maji na viatu vyake, na machozi yakamtoka, wakadhani analilia viatu.

Akaenda kuitengeneza ile ya hospitali. Hakuomba ruhusa ya mtu. Nesi akamtoa, maneno ya majivu akayatoa, na juu kabisa akaweka namba ya gari la wagonjwa, kubwa, nyeusi kwenye njano, ukiigusa popote inapiga. Ilichukua saa moja na nusu. Dada wa mapokezi aliandika ujumbe wa maneno mawili, "Asante sana," na Punguza akajidanganya kwamba mambo yameisha. Akajiambia, mama akijua itamsaidia nini? Atapoteza mume na mtoto. Acha. Polepole atasahau.

Mnaona wenyewe alivyokuwa anajipigia hesabu. Kumwacha mama alale na kosa lisilo lake, ilimradi yeye abaki kipenzi.

Jumamosi moja, asubuhi, alikwenda nyumbani kumwangalia. Alimkuta mama mezani, miwani usoni, simu mbele yake na kalamu mkononi. Tangu msiba alikuwa ameitia simu ile kwenye droo, hataki hata kuisikia.

"Njoo, mwanangu, kaa," mama alisema. "Nimemwomba binti wa jirani anifundishe. Nimesema lazima nijue, hata kama nimechelewa. Nimekuwa nikiandika hatua zote hapa."

"Mama, hukuhitaji..."

"Ngoja, uone." Mama alifungua ukurasa wa hospitali, akausogeza kwa binti yake. Njano, na namba nyeusi juu yake, kubwa. "Unaiona?"

"Naiona, mama."

"Hata wewe umeiona mara moja. Hata kipofu angeiona." Mama alivua miwani, akaiweka juu ya kitambaa cha meza. "Ilikuwa hapo hapo juu. Sijui nilikuwa natazama nini. Mume wangu ananiita kwa jina, mimi nimeshika namba mkononi na siioni. Shangazi yako alinisema kidogo. Mimi ni wa kusemwa zaidi."

Punguza aliukodolea macho ule ukurasa. Hakuwa amelifikiria hilo, na nani mwingine angelifikiria? Nguo ikishonwa upya mshono unaonekana, ukuta ukibomolewa kifusi kinabaki. Tovuti ikibadilishwa haibaki hata kovu, ya leo inasimama mahali pa jana kama vile ndiyo iliyokuwapo siku zote. Kwa mkono wake mwenyewe, kwa saa moja na nusu, alikuwa amemtengenezea mama yake ushahidi.

"Mama. Haikuwa hapo."

"Usinipoze, mwanangu."

"Sikupozi. Haikuwapo. Nimeiweka mimi, wiki mbili zilizopita." Akatoa kompyuta yake mkobani, akafungua Kabati, akatafuta picha ya ukurasa wa zamani. Aliuhifadhi mle kwa fahari siku ulipokamilika, na mstari wake chini. Akamgeuzia mama. "Huu ndio uliofungua siku ile. Unamkumbuka huyu nesi?"

Mama alirudisha miwani. Akatazama kwa muda mrefu. Kidole chake kikaenda chenyewe kwenye mkonga wa simu wa nesi, kikasimama.

"Nilimgusa huyu," alisema polepole. "Nilidhani ukimgusa anapokea."

"Najua, mama. Uligusa mara tisa."

"Umejuaje?"

"Inaandikwa. Kila kitu kinaandikwa."

"Na namba ilikuwa wapi?"

Punguza akamwonyesha. Vistari vitatu, orodha, Tufikie, chini mpaka mwisho. Mama akafuata kwa macho kama mtu anayeonyeshwa njia ya kijiji cha mbali.

"Vistari hivi nilidhani ni mapambo," alisema. "Kwa nini uliificha huko?"

Hapo hata mimi ningetaka kumpa uongo wowote amjibu nao. Hakuwa nao. "Ilikuwa inaharibu sura, mama."

"Sura ya nani?"

"Ya ukurasa."

Nje mtu alikuwa anafagia uwanja, ufagio ukienda na kurudi. Punguza alisubiri kofi, na kweli angelipokea kwa shukrani.

"Umejua lini?" mama aliuliza.

"Wiki tatu sasa."

"Wiki tatu." Mama alitikisa kichwa. "Wewe umekaa nalo wiki tatu, ukapiga simu kila jioni, mama umekulaje, mama umeamkaje. Mimi miezi miwili nimelala na kosa lako kifuani, nimelila, nimeliogea. Wifi yangu amenitemea maneno mbele za watu nikanyamaza, kwa sababu niliona ana haki. Na wewe ulikuwa umejua."

"Niliogopa, mama. Nisamehe."

"Sijafika huko. Usiniharakishe." Akaifunga ile kompyuta kwa kiganja, si kwa nguvu. "Baba yako alijua kwamba imefichwa?"

"Hapana. Hakujua."

"Haya. Yeye alikufa akijivunia kazi yako. Hilo hakuna wa kumnyang'anya." Alinyanyuka akishika ukingo wa meza. "Shangazi yako utamwambia wewe, kwa mdomo wako, mbele ya wale wale waliomsikia. Leo hii."

"Nitamwambia."

"Sasa toka nje kidogo."

"Mama, nisikuache peke yako..."

"Toka, mwanangu. Sikufukuzi. Bado sijamlilia mume wangu. Nilikuwa najiona sina uso wa kumlilia mtu niliyemuua mwenyewe. Toka unifungie mlango."

Punguza akatoka, akaufunga, akabaki amesimama koridoni na mkono wake kwenye kitasa. Ndani akamsikia mama yake akimwita marehemu kwa jina la utani, jina la ujana wao, ambalo yeye katika miaka yake yote hakuwahi kulisikia, akimwita na kumwita, na kilio kikapanda mpaka aliyekuwa akifagia nje akasimamisha ufagio.